Pwani ya Fife, Uskoti: kwa nini vijiji vidogo namna ile vina alama kubwa za kale

Kila picha za pwani ya mashariki ya Uskoti zinaposambaa mitandaoni, maelezo yanayoambatana nazo huwa yaleyale. Nyumba nyeupe zenye mapaa mekundu huitwa kijiji cha wavuvi maskini. Gofu lolote lililokaa juu ya mwamba huitwa ngome ya vita. Eneo zima hudhaniwa kuwa sehemu ya milima ya kaskazini, au huandikwa kwamba ni urithi wa Waingereza. Yote hayo yanapotosha. Picha nyingi za aina hiyo hupigwa katika kipande kifupi cha pwani kiitwacho East Neuk, mkoani Fife, na karibu kila kinachoonekana ndani yake kilijengwa kwa sababu ya biashara: chumvi, makaa ya mawe, samaki na ushuru. Anayeielewa biashara hiyo hapati shida kuyaelewa majengo.

Tuanze na majina. Uskoti ni nchi ndani ya Ufalme wa Muungano, pamoja na England, Wales na Ireland ya Kaskazini. Ilikuwa na bunge lake yenyewe hadi 1707, na alama nyingi za pwani hii ni za kabla ya mwaka huo. Mtu akisema "Uingereza" kwa maana ya dola yote hajakosea, ila akisema vijiji hivi vilianzishwa na Waingereza amewanyang'anya Waskoti kazi yao.

Fife ni rasi pana iliyo kati ya midomo ya mito miwili, Forth upande wa kusini na Tay upande wa kaskazini. Edinburgh iko ng'ambo ya Ghuba ya Forth. East Neuk ni pembe ya kusini mashariki ya rasi hiyo, na ukiifuata pwani kutoka magharibi utakutana na Earlsferry na Elie, St Monans, Pittenweem, Anstruther iliyoshikana na Cellardyke, kisha Crail. Hakuna milima hapo. Nyuma ya vijiji kuna mashamba ya shayiri na viazi yanayoshuka taratibu hadi baharini. St Andrews, ambayo wengi huichanganya na vijiji hivi, iko upande wa pili wa pembe, kaskazini, na historia yake ni nyingine: ni mji wa maaskofu na wasomi, wenye kanisa kuu lililowekwa wakfu 1318 mbele ya Mfalme Robert Bruce na chuo kikuu cha tangu 1413.

Kijiji chenye hati ya mfalme

Neno "kijiji" ndilo linalozua mkanganyiko mkubwa kuliko yote. Crail ya leo ni mahali pa kutembea kwa miguu na kupamaliza ndani ya saa moja, lakini ilipata hati kutoka kwa Robert Bruce mwaka 1310. Pittenweem ilipata yake 1541, Anstruther ya Mashariki 1583, Anstruther ya Magharibi 1587 na Earlsferry 1589. Mji wenye hati ya namna hii uliruhusiwa kufanya biashara na nchi za nje, kuendesha soko, kutoza ushuru, kusikiliza kesi na kutuma mjumbe bungeni. Kwa lugha ya leo, mji ulipewa leseni ya kuagiza na kusafirisha mizigo, forodha na mahakama, vyote katika karatasi moja. Asiyekuwa na hati hakuruhusiwa kupakia meli ya kwenda ng'ambo.

Ndiyo maana vijiji vidogo vina alama tatu zinazojirudia. Ya kwanza ni msalaba wa soko, nguzo ya mawe iliyosimama palipouzwa bidhaa na kutangazwa amri. Ya pili ni jengo la mji lenye mnara, ambamo ushuru ulikusanywa, baraza likakaa na wafungwa wakafungiwa. Ya tatu ni barabara ya soko, pana kupita mahitaji ya watu wa leo. Crail inazo zote tatu. Juu ya mnara wa jengo lake la mji, kinachoonyesha upande wa upepo ni samaki wa dhahabu, kwa kuwa mji ulisifika kwa hadoki aliyekaushwa. Kengele iliyomo ndani ya mnara ilitengenezwa Uholanzi mwaka 1520, ushahidi mzuri wa kule biashara ilikoelekea: kuvuka Bahari ya Kaskazini hadi Uholanzi, Ubelgiji ya leo na nchi za Baltiki.

Uzito wa miji hii unaonekana zaidi katika siasa. Baada ya muungano wa 1707, miji mitano, Crail, Kilrenny, Anstruther zote mbili na Pittenweem, ilishirikiana kumchagua mbunge mmoja wa kwenda London, na iliendelea hivyo hadi mageuzi ya 1832. Yote mitano inapatikana katika mwendo wa asubuhi moja. Muungano wenyewe uliiumiza. Kodi za chumvi na bidhaa nyingine zilipanda, na biashara kubwa ikageukia Amerika, ambako bandari za magharibi, hasa za Glasgow, zilikuwa na njia fupi zaidi. Meli nazo zikawa kubwa kuliko bandari zinazokauka maji yakipwa. Majengo yakabaki na ukubwa wake wa zamani huku shughuli zikipungua.

Chumvi isiyokaushwa na jua

Mashariki mwa St Monans, juu ya ufuko, kuna kinu cha upepo cha mawe, kifupi na kinene. Watu wengi hudhani kilisaga nafaka. La, kilivuta maji. Chini yake, kwenye majani, kuna vichuguu vilivyojipanga kwa safu: ni mabaki ya nyumba tisa za kuchemshia chumvi za kampuni ya makaa na chumvi ya Newark, iliyoanzishwa na Sir John Anstruther mwaka 1771.

Pwani ya Afrika Mashariki chumvi hupatikana kwa kuyaingiza maji ya bahari kwenye mabwawa ya kina kifupi na kuliachia jua. Uskoti haina jua la kazi hiyo. Lita moja ya maji ya bahari hiyo ina takriban gramu 34 za chumvi, kwa hiyo tani moja ya chumvi inadai kuchemshwa kwa lita 30,000 hivi, na kila lita ihamishwe kutoka baharini, ipashwe moto na igeuzwe mvuke. Tani kadhaa za makaa ziliteketea kwa kila tani ya chumvi. Kwa hiyo kazi hii ilifaa mahali penye bahari na makaa ya mawe pamoja, na St Monans ilikuwa na machimbo jirani.

Maji yaliingia kwa mfereji uliochongwa mwambani, kinu kikayapandisha, kisha yakateremka kwenye makarai mapana ya chuma, kila karai ndani ya nyumba yake yenye upenyo kwenye paa wa kutolea mvuke. Maji yalipopata moto, wapishi walimimina damu ya ng'ombe. Damu ikiganda hukamata uchafu na kuelea nao kama povu, nalo likaenguliwa. Karai liliongezwa maji tena na tena, kwa maana kujaza mara moja hakutoi chumvi ya maana. Chembe zilipoanza kutua, zilivutwa kwa reki na kutiwa kwenye vikapu vichuruzike.

Hatua ya kuchuruza ndiyo iliyoharibu kazi ya wenye haraka. Majimaji yanayobaki yana magnesi, ni machungu na huvuta unyevu wa hewa. Yasipotoka yote, chumvi hubaki na maji na samaki aliyekolezwa nayo huwa na ladha chungu. Moto nao una kanuni yake: ukiwa mkali chembe huwa ndogo kama unga, ukiwa mdogo chembe hukua. Jumapili moto uliachwa ufifie kwa kuheshimu siku ya ibada, na chumvi iliyotua polepole siku hiyo ikawa na chembe kubwa, ikathaminiwa kuliko ya siku nyingine.

Jambo ambalo vibao vya watalii hulipitia harakaharaka ni hali ya wafanyakazi. Sheria ya Uskoti ya 1606 iliwafunga wachimba makaa na wapika chumvi kwa bwana wao. Hawakuruhusiwa kuondoka bila barua yake, na machimbo au mtambo ulipouzwa, wao walihesabiwa pamoja navyo. Kampuni ya Newark ilipoanza sheria hiyo ilikuwa bado hai. Ililegezwa 1775 na kufutwa kabisa 1799. Kutazama kinu cha St Monans bila kujua hilo ni kutazama nusu ya jengo.

Mapaa mekundu na kuta zilizopinda

Huelezwa kwamba vigae vyekundu vyote vya East Neuk vililetwa na meli za Uholanzi kama farumi. Hilo ni kweli kwa sehemu tu. Meli iliyoondoka na makaa au chumvi ilikuwa nzito, na ikirudi na shehena nyepesi ilihitaji uzito chini ili isilale upande. Vigae vilifaa kwa sababu ni vizito na huuzwa vikifika. Lakini tangu mwanzoni mwa karne ya 18 Fife ilikuwa na viwanda vyake vya vigae, na vigae vingi vinavyoonekana leo ni vya hapohapo au ni vipya. Kilichotoka Uholanzi ni mtindo wenyewe: kigae chenye umbo la herufi S, kinachoshikana na mwenzake ubavuni. Ngazi ndogo za mawe zinazopanda kando ya paa nazo hupatikana pande zote mbili za bahari hiyo.

Nyumba hizi zilikaribia kupotea. Katikati ya karne ya 20 nyingi zilikuwa zimechakaa na kungoja kubomolewa. Shirika la hifadhi la National Trust for Scotland lilianzisha mpango mwaka 1960: linanunua nyumba ndogo mbovu, linaitengeneza, linaiuza kwa masharti ya kutoharibu sura yake, kisha fedha zilizopatikana zinanunua nyingine. Utanashati wa Crail na Pittenweem unaopendwa kwenye picha ni matunda ya kazi hiyo, na unastahili sifa zaidi ya inavyopewa.

Kuhusu bandari, mwenyeji wa pwani yetu ataelewa upesi. Kuna maji kujaa na maji kupwa mara mbili kwa siku, kila siku yakichelewa kwa takriban dakika 50, na wakati wa bamvua tofauti katika Ghuba ya Forth hufika mita tano. Bandari za Crail na St Monans hukauka maji yakipwa na mashua kukaa matopeni. Kuta zilizopinda zimekusudiwa kulivunja wimbi kabla halijaingia. Ukuta wa nje wa St Monans umekunjwa kama meno ya msumeno ili wimbi lipigwe vipande badala ya kugonga uso mmoja bapa. Mdomo wa bandari ya Crail ni mwembamba kwa sababu hiyohiyo, na hasara yake ni kwamba nahodha anayekosea upepo anajikuta mwambani.

Heringi, wanawake na mashua zilizopewa jina la Wazulu

Kilichoiinua tena pwani hii katika karne ya 19 ni heringi, samaki mdogo mwenye mafuta mengi. Mafuta hayo ndiyo yaliyoleta shida: huoza upesi mno, na hakaushiki vizuri kwa upepo kama hadoki. Dawa ilikuwa kumtumbua na kumtia chumvini ndani ya saa 24, na kazi hiyo ilishikwa na wanawake.

Walifanya kazi watatu watatu, wawili wakitumbua na mmoja akipanga. Mtumbuaji alikuwa na kisu kifupi, alichoma chini ya shavu la samaki, akazungusha mkono mara moja, matumbo na mashavu yakatoka pamoja, na samaki akatupwa nyuma kwenye beseni la ukubwa wake. Mzoefu alimaliza samaki 30 na zaidi kwa dakika. Kabla ya kuanza, wote walifunga vidole kwa vitambaa, kwani mkato mdogo ukiingia chumvi hugeuka kidonda kisichopona msimu mzima. Mpangaji aliinama ndani ya pipa akipanga safu ya samaki, akanyunyiza chumvi, akapanga safu nyingine iliyokatiza ya kwanza. Pipa lilibeba kati ya samaki 700 na 1,000 hivi. Baada ya siku nane au kumi samaki walikuwa wamejikunja na kushuka, pipa likafunguliwa, likajazwa tena hadi ukingoni na kumiminwa maji ya chumvi. Lisipojazwa upya, samaki huyumba safarini na kufika wamevurugika, na mkaguzi wa serikali alikataa kulipiga muhuri wa taji. Bila muhuri huo wanunuzi wa Ujerumani na Urusi walishusha bei.

Msimu wa Fife ulipoisha, wanawake walipanda treni kuwafuata heringi kusini hadi Great Yarmouth, England. Uvuvi wa heringi wa majira ya baridi katika Ghuba ya Forth ulikufa katika miaka ya 1940, nayo reli ya kupita vijijini ikafungwa 1965.

Jumba la makumbusho ya uvuvi la Anstruther, lililofunguliwa 1969, ndilo mahali pa kuanzia kwa mtu mwenye siku moja tu. Humo na bandarini kwake utaona aina mbili za mashua. Fifie ina omo na tezi zilizosimama wima na mkuku mrefu: hunyooka vizuri ikivuta nyavu, ila ni nzito kugeuza. Ya pili ina omo ya wima na tezi iliyolala sana nyuma, hivyo sitaha ni ndefu lakini mkuku ni mfupi, na mashua hugeuka kwa wepesi. Hii ya pili huitwa Zulu. Zulu ya kwanza kabisa iliundwa Lossiemouth, kaskazini mwa Uskoti, mwaka 1879, wakati vita vya Uingereza dhidi ya Wazulu wa Afrika Kusini vilikuwa midomoni mwa watu wote. Hakuna Mzulu aliyeiunda wala kuisafiria.

Si kila gofu ni ngome, na si kila mnara ni wa zamani sana

Mnara ulio kwenye mwamba wa Elie, unaopigwa picha kama ngome iliyotekwa, ulijengwa karibu na 1770 ili Lady Janet Anstruther apate mahali pa kubadilishia nguo anapokwenda kuogelea. Husimuliwa kwamba alimtuma mtu apige kengele kijijini kuwaonya watu wasisogee. Magofu ya Newark na Ardross, kati ya Elie na St Monans, kweli yalikuwa makao ya mabwana wenye ardhi. Kanisa la St Monans, lililoanza kujengwa 1362 kwa amri ya Mfalme David II, liko hatua chache tu kutoka mawimbini, na ndani yake inaning'inia meli ya mfano.

Minara ya kweli ya kuongozea meli iko kisiwani May, kwenye mdomo wa ghuba. Mwaka 1636 ulijengwa hapo mnara wa mraba wenye wavu wa chuma juu yake, na makaa ya mawe yaliwashwa humo kila usiku: mnara wa kwanza wa kudumu wenye mlinzi katika Uskoti. Ulikula hadi tani 400 za makaa kwa mwaka, zote zikipandishwa juu kwa nguvu za mikono. Mwangaza ulifuata hali ya hewa: upepo mkali ulifanya makaa yawake upande mmoja tu, na mvua ilileta moshi mahali pa mwanga. Majivu yalimwagwa chini ya mnara. Mnamo Januari 1791 yalishika moto kichinichini, moshi wake ukaingia madirishani, na mlinzi, mkewe na watoto watano wakafa kwa kukosa hewa. Mtoto mchanga aliokolewa akiwa hai. Mnara unaotumika sasa, unaofanana na kanisa la kale, ni wa Robert Stevenson na ni wa 1816 tu. Hauna mlinzi tangu 1989. Kisiwa ni hifadhi ya ndege, na pafini, ndege wa bahari mwenye mdomo wa rangirangi, hutaga hapo kwa makumi ya maelfu. Boti hutoka Anstruther kuanzia Aprili hadi Septemba, lakini kufikia katikati ya Agosti pafini huwa wameshaondoka. Anayekwenda Septemba kwa ajili yao atakuta mashimo matupu.

Mnara wa kanisa la Pittenweem una historia nzito zaidi. Ulijengwa 1588 na ulitumika kama jela ya mji. Humo walifungiwa watu walioshutumiwa kwa uchawi mwaka 1704 kwa maneno ya kijana mmoja mgonjwa. Janet Cornfoot alitoroka, akakamatwa, na Januari 1705 umati ulimburuta hadi ufukoni, ukamlaza chini ya mlango na kuupakia mawe hadi akafa. Hakuna aliyeadhibiwa. Machi 2022 Waziri Kiongozi wa Uskoti aliomba radhi hadharani kwa ajili ya wote walioteswa chini ya sheria ya uchawi.

Kwenda kwa miguu

Kuna njia ya miguu inayoifuata pwani yote ya Fife, na sehemu ya Elie hadi Crail ni kama kilomita 17. Treni inafika Leven, mji ulio magharibi mwa vijiji hivi, tangu Juni 2024, kisha basi huendelea vijijini. Kati ya Pittenweem na Anstruther ni mwendo wa dakika 40. Anstruther hadi Crail ni saa mbili na njia ni ya mawemawe.

Makosa hutokea kwenye maji. Chini ya ukuta wa kanisa la St Monans njia hufunikwa maji yakijaa, na kuna kibao kinachoonyesha mzunguko wa juu, usibishane nacho. Magharibi mwa Earlsferry kuna minyororo iliyopigiliwa mwambani ya kupandia majabali. Ianze maji yakiwa bado yanapwa, kamwe yasiwe yameanza kujaa, kwa kuwa katikati kuna vijighuba visivyo na njia ya kupanda juu, na boti ya uokoaji ya Anstruther huitwa kuwatoa walionaswa. Angalia pia saa ya jedwali lako la maji: majedwali mengine huchapishwa kwa saa za Greenwich mwaka mzima, na kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba Uskoti iko saa moja mbele. Maji ya kupwa yaliyoandikwa saa 4 asubuhi yatafika saa 5 kwa saa ya mkononi mwako. Wakati wa bamvua siku hizo minyororo hupitika kwa nafasi zaidi. Wakati wa maji mafu, na kukiwa na upepo wa kusini, miguu ya miamba inaweza isikauke kabisa, na hapo pita njia ya juu ya jabali.